Bati, bundi na saa ya magharibi: jibu kwa fundi cherehani wa Tanga

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na tunaishi pembezoni mwa mji wa Tanga katika nyumba tuliyohamia wiki chache baada ya Idi el Fitri. Kazi yangu naifanya hapo hapo nyumbani, na mara nyingi hushona hadi saa saba au saa nane za usiku watoto wakiwa wamelala. Tangu tuhamie, kila jioni inapokaribia adhana ya magharibi nasikia juu ya dari mlio kama wa mtu anayetembea polepole, kutoka upande wa chumba cha watoto hadi juu ya cherehani yangu. Taa ya ukumbini nikiizima haizimiki kabisa. Hubaki na mwanga hafifu mfano wa kaa lililofunikwa na jivu. Kuna bundi anayekaa katika mwembe wa jirani, na mara mbili nimekuta barazani kidonge cheusi cha manyoya kilichoshikamana na vijifupa. Wiki iliyopita niliamka kabla ya alfajiri nikashindwa kusogeza hata kidole, nikahisi kuna mtu amenikalia kifuani. Wateja nao wamepungua. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema nyumba imechezewa, na anamtaja bibi mjane mwenye ule mwembe. Amempata mtu wa kuzindika nyumba anayetaka shilingi 350,000 na mbuzi mweusi. Mume wangu anacheka tu, anasema ni ushamba. Sipendi kumvunjia mama heshima, wala sitaki kutoa fedha hizo bure, lakini kusema kweli naogopa. Nimsikilize nani? Na je, kuogopa vitu hivi ni upungufu wa imani?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu nistaafu watu huniita kukagua nyumba zao zenye nyufa, uvujaji na umeme usioeleweka. Ijumaa huwa nakaa safu ya mbele katika msikiti wa mtaani kwetu, si kwa elimu bali kwa umri. Nayataja haya ili ujue kwamba sitakujibu kama mtu anayeicheka dini, wala sitakujibu kama shehe, kwa sababu mimi si shehe.

Mama mkwe wako na mume wako, ingawa wanabishana, wamefanya jambo lile lile: wameyakusanya mambo matano au sita yasiyohusiana wakayafunga furushi moja, mmoja akaliandika uchawi na mwingine akaliandika ushamba. Ukilifungua furushi hilo utaona kwamba lipo lisilo na madhara yoyote, lipo lenye manufaa kwenu, na lipo moja linaloweza kumuua mtoto wako, nalo si lile mnalogombania. Nitaanza na hilo.

Ni ile taa. Balbu za zamani za waya mwembamba zilihitaji umeme mwingi ili ziwake, hivyo umeme kidogo uliopita ndani yake haukuonekana. Balbu za LED hula umeme kidogo mno kiasi kwamba umeme mdogo sana huzitosha kutoa mwanga hafifu, hasa gizani wakati jicho limekwisha kuzoea. Umeme huo mdogo hutoka katika mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni pale waya wa swichi unapopita ukutani sambamba na waya wenye umeme kwa urefu wa mita kadhaa. Hapo umeme kiasi huambukizwa kutoka waya mmoja hadi mwingine bila nyaya hizo kugusana. Hiyo haina hatari. Ya pili ni pale fundi aliyefunga umeme alipoiweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, ule ambao mafundi huuita laivu. Katika hali hiyo taa huwaka na kuzimika kama kawaida, mwenye nyumba asijue lolote, lakini kishikio cha balbu hubaki na umeme wa volti 230 hata swichi ikiwa imezimwa. Siku mtakapopanda kigoda kubadilisha balbu, mikono ikiwa na majimaji, mkiamini kwamba umeme umekatwa, ndipo mtakapojua.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote katika jibu hili, mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia huduma za umeme na maji, umwombe apime kwa testa kama swichi ile inakata waya wa moto au wa nyutro, na akiwa hapo akague pia waya wa ardhi na nyaya zinazokwenda kwenye cherehani na pasi yako. Hadi atakapofika, mtu yeyote asiiguse balbu hiyo bila kwanza kuzima swichi kuu. Fundi akikuambia kuwa swichi iko mahali pake, basi ni ile njia ya kwanza, na mara nyingi kubadilisha aina ya balbu hulimaliza suala.

Mume wako akisoma hapa huenda akafurahi, akasema si nilisema hakuna kitu. La, kipo kitu. Mtu aliyeuona mwanga ule akaogopa alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko aliyeuona akacheka, kwa sababu mwenye hofu angalau aliutazama. Katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, zilizopokewa na Bukhari, yapo maagizo ya usiku: fungeni milango, funikeni vyombo, zimeni taa. Na sababu ya kuzima taa imetajwa humo humo, nayo si ya ghaibu hata kidogo: panya anaweza kuuvuta utambi akawaunguza wenye nyumba. Mimi hupenda sana agizo hilo, kwa sababu ndani yake dua na tahadhari ya moto vimekaa mkeka mmoja bila kugombana.

Sasa tupande juu ya dari. Bati ni chuma, na chuma hutanuka kikipata joto na kunywea kikipoa. Kiasi chake ni kidogo sana, takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto ya Selsiasi, lakini mabati ya siku hizi, yale ya msauzi, hukatwa kwa urefu wote wa paa. Bati la mita 6 lililofikia nyuzi 65 kwa jua la alasiri, kisha likashuka hadi nyuzi 25 usiku, hupungua urefu kwa karibu milimita 3, ambao ni unene wa kifungo cha koti. Bati hilo haliko huru kunywea litakavyo, kwa kuwa limepigiliwa misumari kwenye papi, na papi zimepigiliwa kwenye kenchi, na mbao hazinywei kwa baridi kama chuma. Wewe unakijua kitambaa kilichopigwa bandi: ukikivuta taratibu, uzi hushikilia, hushikilia, halafu pindo linaruka kwa ghafla mahali pamoja, kisha penginepo. Paa lako hufanya vivyo hivyo. Bati hujivuta, msumari hulishikilia hadi nguvu izidi, halafu bati huteleza chini ya kofia ya msumari kwa mara moja, nao mshtuko huo hupita kwenye kenchi hadi kwenye silingibodi, ambayo ni pana na nyembamba kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana kitu kilichosogea chini ya milimita moja kinasikika kama unyayo wa mtu mzima.

Umeuliza, bila kuuliza waziwazi, kwa nini mlio huo unatembea. Ni kwa sababu jua haliondoki juu ya paa lote kwa wakati mmoja. Mgongo wa paa unaotazama mashariki hukosa jua mapema zaidi alasiri na kuanza kupoa, na unaotazama magharibi hufuata baadaye, na kivuli cha mti kama huo mwembe huongeza mfuatano wake chenyewe. Kila safu ya misumari huachia kwa zamu yake. Kama chumba cha watoto kiko upande wa mashariki au chini ya kivuli kinachotangulia, basi huyo mtembeaji wako anaifuata ile njia ambayo kivuli kimeipita. Jambo hilo utaweza kulithibitisha mwenyewe bila kuniamini mimi. Chukua daftari lako la vipimo vya wateja, na kwa siku saba uandike saa ambayo mlio wa kwanza umesikika na hali ya hewa ya siku hiyo. Siku ya mawingu mazito hatua zitakuwa chache au hazitakuwepo. Siku ambayo mvua itaangukia bati la moto saa nane za mchana, utazisikia mchana kweupe, tena kwa kishindo. Na asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu, bati linapopata joto, mtembeaji huyo hurudi, ila wakati huo kuna redio, bodaboda na watoto wa watu wanaokwenda shule, na hakuna anayemsikia.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua yako. Jua la Tanga huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na bati hupoteza joto kwa kasi zaidi katika saa hiyo na nusu saa zinazoizunguka. Ni saa ile ile ambayo sisi watu wa pwani tumelelewa kuiheshimu. Tuliambiwa tusifagie magharibi, tusilale magharibi, watoto waingizwe ndani. Na hilo la watoto si la bibi zetu tu, bali limo katika hadithi sahihi kwamba usiku unapoingia watoto wazuiwe nyumbani, kwa kuwa mashetani huenea wakati huo. Basi mtu aliyefundishwa tangu utotoni kutega sikio saa ya magharibi anahamia katika nyumba ya bati jipya, na bati hilo linachagua kuongea saa hiyo hiyo. Angekuwa mtu wa ajabu asingestuka. Mama mkwe wako hakubuni mlio, na wala hakubuni ile saa. Vitu viwili vya kweli vimekutana, na yeye ameona kimoja kimemleta mwenzake.

Usiku wa manane mambo huzidi, kwa sababu mbili. Mji ukinyamaza, hata kishindo kidogo husikika. Na usiku usio na upepo, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu yake, jambo ambalo huipinda sauti irudi chini badala ya kupotelea angani. Ndiyo maana hukaa kwenye cherehani saa saba ukasikia lori la barabara kuu kana kwamba linapita uani.

Kwa hatua hizo za juu ya dari huna la kufanya ila kuzizoea, isipokuwa kama unaona misumari imeinuka au inavuja. Hapo fundi wa paa abadilishe washa zake, yaani vile vipete vya mpira vilivyo chini ya kofia ya msumari, na kukaza.

Ninajua unavyohisi, kwa sababu na mimi nimewahi kukimbizwa na bomba. Katika nyumba ya kwanza niliyoijenga, kila usiku kwenye saa tisa kulikuwa na mguno bafuni, mrefu, mzito, wa mzee aliyelala vibaya. Nilikuwa mwalimu wa fizikia tayari, mwenye cheti ukutani, nami nilisoma Yasin usiku kumi na moja mfululizo nikiwa nimekaa kitandani nimeuelekea mlango wa bafu. Usiku wa kumi na mbili alilala kwetu shemeji yangu, fundi bomba, akaamka kwenda msalani, akasikia mguno, akafungua koki ya nje. Ikatoka hewa kwa muda wa dakika nzima, ikipiga filimbi, halafu maji ya kutu. Tulikuwa katika mgawo wa maji, mchana mabomba yakiwa matupu; usiku maji yaliporudi yalikuwa yakiisukuma hewa ipite kwenye koki ambayo washa yake ilikuwa imelegea, na washa ikitetemeka ndiyo iliyokuwa ikiguna. Alirudi kulala bila kusema neno. Asubuhi mke wangu aliniuliza kama sasa nitaacha kusoma. Nilimjibu kwamba sitaacha, na sikuacha, lakini nililazimika kukiri moyoni kwamba kile nilichokifanya usiku ule kumi na moja hakikuwa kusoma. Nilikuwa nikilisikiliza bomba huku midomo ikienda. Kisomo changu cha kwanza cha kweli katika nyumba ile kilikuwa cha usiku wa kumi na tatu, ambapo sikuwa na sababu yoyote ya kusoma.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako kuhusu upungufu wa imani. Kuogopa si upungufu. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipoiona fimbo yake ikitikisika kama nyoka aligeuka akakimbia bila kutazama nyuma, na Qurani haikulificha hilo. Limo katika Surat an-Naml, aya ya 10. Hakuambiwa kwamba imani yake imepungua, aliambiwa asiogope. Ninachokuombea wewe ni kwamba usiifanye ibada yako itegemee mlio wa dari, kwa sababu siku mlio utakapopata maelezo, kama ulivyopata leo, ibada nayo itaonekana imekosa kazi. Ayatul Kursiy ilisomwa kabla bati halijavumbuliwa, na itasomeka hata chini ya paa la makuti ambalo halipigi kelele.

Nimefika kwa bundi, na hapa sauti yangu itabadilika kidogo, kwa kuwa hapa yupo mtu anayeweza kuumizwa.

Bundi wa majumbani, mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, hulia kwa mkwaruzo wa kutisha, na ni kweli kwamba hakuna mlio wa ndege unaosisimua mwili kuliko ule. Huyameza mawindo yake mazima, mara nyingi panya, halafu yale yasiyomeng'enyeka, yaani manyoya, meno na mifupa, tumbo lake huyafinyanga kuwa kidonge ambacho hukitema baada ya saa kadhaa. Kile ulichokiokota barazani ndicho hicho. Chukua kijiti ukichambue, baada ya kuvaa glovu au mfuko mkononi, nawe utaona fuvu la panya kamili lenye meno mawili ya mbele yaliyopinda, pengine mafuvu mawili au matatu. Hakuna mtu aliyekileta usiku akakitega mlangoni kwako. Ndege amekaa juu ya kenchi ya baraza au tawi lililo juu yake, akatema. Bundi mmoja anaweza kula panya wadogo watatu au wanne kwa usiku, na wanapokuwa na makinda idadi hupanda. Wewe una vitambaa vya watu ndani ya nyumba. Sijui mlinzi gani mwingine angefanya kazi hiyo bila mshahara. Ninachokusihi ni kwamba usiweke sumu ya panya uani, kwa sababu panya aliyekula sumu huliwa na bundi, na bundi hufa naye.

Mama mkwe akisema bundi ni nuksi, mkumbushe kwa adabu hadithi anayoijua huenda kuliko mimi, ile ya Bukhari na Muslim inayokanusha tiyara, yaani kuamini ishara za mikosi, na katika maneno hayo hayo ikakanusha hama. Waarabu wa zama za ujahili walidai kwamba hama ni ndege atokaye katika maiti akalia kudai kisasi, na wanazuoni wengine wameieleza kuwa ni bundi aliyetua juu ya nyumba ya mtu, watu wakasema kuna kifo. Kwa hiyo bundi wenu ana utetezi wenye takriban miaka 1,400.

Sasa yule bibi. Umelitaja jambo lake kwa nusu sentensi, lakini mimi ndilo lililoniamsha. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa, hasa kanda ya ziwa, kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ukatokana na maisha mazima ya kupikia kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Mara nyingi hadithi hiyo huanza vivi hivi: mtu anaona asiloweza kulieleza, mwingine anajitokeza kwa malipo kumweleza, na maelezo hayawezi kukamilika mpaka litajwe jina. Shilingi 350,000 mnaweza kuzitafuta tena. Jina likishatamkwa na mtu wa nje, mbele ya majirani, halirudi. Mama mkwe wako pia ajue kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo ni Sura ya 18 ya sheria za nchi na asili yake ni mwaka 1928, inamfanya mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi awe na kosa. Kwa hiyo katika haya yote mimi simkatazi mama chochote isipokuwa hilo moja, na hapo ningependa mume wako aache kucheka, azungumze kama mtoto wa kiume na mama yake, faraghani, bila wewe kuwapo.

Lile la kukaliwa kifuani ni jinamizi, neno ambalo lugha yetu imekuwa nalo siku nyingi. Tunapoota, ubongo huifunga misuli ya mwili ili tusitende tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla kifungo hicho hakijafunguliwa, na kwa dakika chache, au hata sekunde, mtu huwa macho ndani ya mwili uliolala, huku mabaki ya ndoto yakimjia kama mtu chumbani. Kifua huhisi uzito kwa sababu hawezi kuvuta pumzi ndefu kwa hiari. Humpata zaidi mtu aliyekosa usingizi, anayelala saa zisizo na mpangilio, na anayelala chali. Wewe unalala saa nane na kuamka alfajiri. Wazee wa Pemba na Unguja wanaikumbuka hofu ya popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usingizini, ya mwaka 1995, ambapo watu walilala nje kwa makundi, wamekoka moto, na baadhi ya wataalamu walioichunguza baadaye wameihusisha na hali hii hii. Na ilikuwa ikiambukiza, kwa kuwa anayelala na hofu hulala vibaya, na anayelala vibaya hupatwa. Lala ubavu, kama ilivyo suna, na upunguze usiku wa kushona. Ikikurudia kila wiki, au ukawa unasinzia mchana mbele ya sindano, nenda ukamwone daktari.

Kuhusu wateja sina mengi, maana hapo wewe ndiwe mtaalamu. Mmehama baada ya Idi. Hakuna fundi cherehani wa pwani asiyejua kwamba Ramadhani hushonwa hadi vidole vikapasuka, na mfunguo mosi ukishatulia mtu hukaa akitazama mlango hadi harusi zirudi, na hadi msimu wa sare za shule wa Desemba na Januari. Juu ya hayo umehama mtaa. Wateja wa zamani wanakufuata kwa simu, lakini wale wa kupita njia wamebaki kule. Sehemu ndogo tu ya zile 350,000 ingetosha kutengeneza kibao cha barabarani chenye rangi nzuri. Nyota ya mtu, kama watu wanavyopenda kuiita, haionekani kutoka barabara ya pili.

Limebaki la mama. Usimpelekee karatasi hii umsomee kama hukumu, wala usimwambie Mwalimu amesema umekosea, kwa sababu sijasema hivyo. Kama moyo wake hautulii bila nyumba kusomewa, basi isomewe: waiteni majirani, mpike pilau kidogo, kisomwe kisomo cha kuingia nyumba ambacho mlipaswa kukifanya tangu mlipohamia, na bibi mwenye mwembe awe wa kwanza kualikwa. Na kabla ya hapo, chagua siku ya jua kali. Mtandikie mama mkeka chini ya dari, mara tu baada ya saa kumi na mbili, umwekee kahawa na kashata, umwambie kwamba unamsikilizisha mtembeaji. Mweleze mapema kwamba ataanzia upande wa chumba cha watoto. Jua likiwa lilipiga sawasawa mchana, hatua ya kwanza itasikika kabla kikombe cha pili hakijamiminwa. Na ikiwa siku hiyo kulikuwa na mawingu, nyweni kahawa tu, mjaribu kesho yake.